Mpaka Upi, na Nani Kasema? Somo la Kupima Habari za Mpakani



Ukaguzi unapokazwa mpakani, habari zake hufika sokoni upesi na kwa sura nyingi. Huyu husikia kuwa mpaka umefungwa, yule kuwa ulinzi umeimarishwa, mwingine kuwa wasafiri wamekwama. Tujifunze kuzipima kwa mfano tunaoukumbuka sote.

Tarehe 22 Disemba 2023, Vugizo, karibu na Gatumba, ilishambuliwa. Serikali ilitangaza vifo vya watu 20, wengi wao raia. Kundi la RED-Tabara lilikiri kushambulia, lakini likadai kuwa liliua wanajeshi 9 na polisi 1. Serikali yetu iliishutumu Rwanda kwa kuliunga mkono kundi hilo, Rwanda ikakanusha. Tarehe 11 Januari 2024, Waziri wa Mambo ya Ndani na Usalama wa Umma, Martin Niteretse, alitangaza kufungwa kwa mipaka yetu na Rwanda. Kigali ilijibu kwamba imepata habari hiyo kupitia vyombo vya habari, na kwamba uamuzi huo unakiuka misingi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tazameni tofauti. Bujumbura ilizungumzia usalama. Kigali ilizungumzia uhuru wa watu na bidhaa kupita. Mfanyabiashara alihesabu hasara. Mambo hayo matatu yaweza kuwa kweli kwa pamoja. Hesabu za wafu zinazopingana haziwezi kuwa kweli zote. Kwa hiyo, tunapotaja idadi, tumtaje na aliyeitoa.

Wahenga walinena: lisemwalo lipo. Lakini liko wapi, na lina ukubwa gani? Basi tuulize maswali manne:

1. Nani amesema: mwenye mamlaka, shahidi, au mpita njia?
2. Ni mpaka upi?
3. Umefungwa, au ukaguzi tu umekazwa?
4. Tangu lini, na kwa nani?

Swali la pili lina uzito wake. Amri ya Januari 2024 ilihusu Rwanda, wala haikuhusu njia ya Gatumba kwenda Kavimvira, nchini Kongo. Mama mchuuzi aliyesikia tu kwamba "Burundi imefunga mpaka" angeweza kuacha samaki wake waoze bure. Mwingine angeweza kujitosa kuvuka Rusizi kwa njia ya panya, katika mto wenye viboko na mamba, akakutwa na doria usiku, asijulikane ni mchuuzi au ni adui.

Nasi polisi tuna wajibu wetu: tangazo letu litaje mpaka, siku, saa na hati zinazohitajika. Likikosa mojawapo, mwananchi ana haki ya kumwuliza afisa kituoni, naye ajibiwe kwa adabu.

Zoezi: jioni hii sikilizeni habari moja ya mpakani katika redio mbili. Andikeni palipo na mwafaka na palipo na tofauti, kisha mjadiliane na jirani kabla ya kuisambaza.