Ukitaka kuujua mto, utazame wakati wa kipupwe

Wengi wetu huutazama mto wakati wa masika, unapofurika na kutishia madaraja. Siku hizo hata korongo lisilo na jina huitwa mto. Mimi nasema, ukitaka kuujua mto, utazame wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti. Masika yanakuwa yamekwisha Mei, na vuli haitarajiwi kabla ya Oktoba. Maji utakayoyaona katika miezi hiyo si ya mvua ya jana. Ni akiba iliyohifadhiwa ardhini.

Huku Tarakea ninakoishi somo hili liko wazi. Upande wetu wa mlima hupata mvua kidogo kuliko upande wa Moshi. Baridi inapoingia, makorongo mengi ya Rombo hubaki mchanga na mawe matupu. Sasa panda basi la asubuhi uende Moshi kupitia Mkuu, Mwika, Marangu Mtoni na Himo, na uchungulie dirishani kwenye kila daraja. Kadiri unavyouzunguka mlima kuelekea kusini, ndivyo maji yanavyoongezeka. Ukiendelea na njia ya Arusha utavuka Karanga, Weruweru na Kikafu.

Je, maji hayo yanatoka wapi? Wengi watajibu haraka: theluji ya Kibo. Ni kweli kwamba barafu ya Kibo inaisha. Mwaka 1912 ilifunika kiasi cha kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Lakini mchango wa barafu katika mito hii ni mdogo. Chanzo kikubwa ni msitu, unaopokea mvua na kunasa ukungu, maji yakazama ardhini na kutokeza chini kama chemchemi. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Barafu hatuna uwezo wa kuirudisha. Msitu tunaweza kuulinda.

Wala hili si jambo la watu wa mlimani peke yao. Maji ya Himo na ya Weruweru hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakatoka humo kama Mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Anayewasha taa mjini ana haki ya kuuliza habari za msitu.

Basi, ndugu msomaji, chagua daraja moja unalolipita mara kwa mara. Chagua na jiwe moja mtoni, na kila wiki uandike maji yamelifikia wapi na yana rangi gani. Yakiwa na tope na mvua haijanyesha, kuna udongo unaochimbuliwa huko juu. Yakipungua ghafla, usikimbilie kulaumu ukame. Uliza kwanza kama kuna mfereji uliofunguliwa.

Tumefundishwa tusifuje maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Tutajuaje kama bado unatiririka ikiwa hatuutazami? Daftari la vipupwe vitatu, likiwekwa mbele ya kikao cha kijiji au mtaa, litasikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo.