Umeme Ukipanda Ghafla na Intaneti Ikakatika: Pima Kabla ya Kununua

Mkoani Singida mvua hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, nao msimu huo huja na radi. Radi ikipiga karibu na nguzo, au umeme ukirejea kwa kishindo baada ya kukatika, vifaa vya nyumbani huweza kupata msongo unaozidi uwezo wake. Nyumba ya kawaida hupokea volti 230. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya njia tatu, msongo huo unaweza kupanda hadi karibu volti 400.

Tuchukue mfano wa kaya moja mjini Manyoni. Mama mwenye nyumba huchapa barua na kuwajazia vijana maombi ya ajira kwa njia ya mtandao. Usiku umeme umepanda. Asubuhi kompyuta inawaka lakini intaneti haipo, na maombi ya kijana mmoja yanafungwa kesho yake. Akiambiwa kwamba kompyuta yote imeungua, atakopa fedha anunue nyingine, ilhali huenda kilichokufa ni adapta ya ruta peke yake. Katika somo hili tunaonyesha namna ya kukagua njia ya intaneti kipande kwa kipande, kutoka ukutani hadi kwenye kompyuta, ili mtumiaji alipie kilichoharibika tu na abaki na ushahidi wa kudai haki yake.

Usalama kwanza

Usiguse waya wowote wakati radi inaendelea. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona soketi imekuwa nyeusi, zima swichi kuu na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Taa za nyumba zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, au zikififia na kung'aa kwa kupokezana, hitilafu bado ipo. Zima swichi kuu, toa taarifa TANESCO, wala usichomeke kifaa chochote.

Hatua ya 1: Soketi na adapta

Jaribu soketi kwa taa ya mezani. Taa ikiwaka vizuri, chomeka ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti. Ikiwa ruta haionyeshi taa hata moja, usiihukumu bado, kwa kuwa adapta yake ndiyo hupokea umeme wa ukutani kwanza na mara nyingi ndiyo hufa kwanza. Azima adapta nyingine, lakini soma maandishi yaliyo juu yake: volti ziwe sawasawa na za ile ya awali, ampea zisipungue, na kichwa chake kiwe na mpangilio uleule wa chanya na hasi. Adapta isiyolingana inaweza kuua ruta iliyokuwa nzima.

Hatua ya 2: Laini ya nje

Ruta ikiwaka, iache dakika chache. Kisha chukua simu, zima data ya laini ya simu, na uiunganishe na Wi-Fi ya ruta. Usiposahau kuzima data hutadanganyika, kwani simu inaweza kufungua kurasa kwa kifurushi chake huku ruta haina kitu.

Simu ikipata intaneti, laini ya nje ni nzima, na tatizo liko kati ya ruta na kompyuta. Ikiungana na ruta lakini isipate intaneti, hakikisha kwanza kwamba malipo ya huduma hayajaisha. Kisha tazama taa. Kwenye kisanduku cha faiba, taa nyekundu iliyoandikwa LOS huonyesha kwamba mwanga haufiki. Kwenye laini ya simu ya shaba, taa ya DSL inayopepesa bila kutulia huonyesha kwamba laini haijashika. Hayo ni ya mtoa huduma, mpigie. Usibonyeze kitufe kidogo cha kufuta mipangilio, maana unaweza kupoteza mipangilio aliyoiweka yeye.

Hatua ya 3: Waya wa mtandao

Tazama taa ndogo iliyo kando ya tundu ambamo waya wa kompyuta umechomekwa. Isipowaka, hamishia waya kwenye tundu jingine la ruta, kwa kuwa msongo unaweza kuunguza tundu moja na kuyaacha mengine. Ikishindikana, jaribu waya mwingine unaojua kuwa ni mzima.

Hatua ya 4: Kompyuta

Zima kompyuta, chomoa waya wake wa umeme ukutani, na ushikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Iwashe tena. Kwa kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta: izime ruta, iwashe upya, kisha urudie. Ikiwa kompyuta inasema kwamba waya haujaunganishwa, ingawa waya huohuo unafanya kazi kwenye kompyuta nyingine, basi inaelekea tundu lake la mtandao limeungua.

Hata hapo, kompyuta haijafa. Tumia Wi-Fi ikiwa kompyuta inayo, au nunua adapta ya mtandao inayochomekwa kwenye tundu la USB. Yule mama wa Manyoni anaweza kutuma maombi siku hiyohiyo, na kulitafakari tundu baadaye.

Tunza ushahidi

Andika tarehe na saa ya tukio pamoja na namba ya mita ya LUKU. Waulize majirani kama nao wameathirika. Nyumba kadhaa zikipatwa kwa wakati mmoja, hilo huelekeza kwenye laini ya mtaa. Piga picha, usitupe kilichoungua, na fundi akupe maelezo ya maandishi pamoja na risiti. Ikiwa ruta ni mali ya mtoa huduma, usiifungue.

Kwa hitilafu ya umeme, wasilisha malalamiko TANESCO kwanza na upewe namba ya taarifa. Usiporidhika, nenda EWURA. Kwa huduma ya intaneti, anza na mtoa huduma, kisha TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kati iko Dodoma. Mabaraza ya ushauri ya watumiaji, EWURA CCC na TCRA CCC, humsaidia mtumiaji kuandaa na kufuatilia malalamiko yake. Hatuwezi kuahidi kwamba kila dai litalipwa: uharibifu wa radi hautazamwi sawa na wa hitilafu ya laini. Ila dai lisilo na kumbukumbu ni gumu zaidi kulithibitisha.

Kujikinga

Mawingu yakitanda, chomoa waya wa umeme wa ruta na wa kompyuta, na pia waya wa simu wa shaba, kwa kuwa nao hupitisha msongo wa radi. Faiba haipitishi umeme, lakini kisanduku chake hutumia umeme wa ukutani. Umeme ukirejea, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Soketi zenye kinga ya msongo husaidia, mradi nyumba ina waya wa ardhi uliofungwa vizuri. Mwombe fundi aupime.

Kwa ufupi

Soketi, adapta, ruta, laini ya nje, waya, kompyuta: kagua kwa mpangilio huo, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi akikuambia ununue kompyuta mpya, mwombe akuonyeshe ni hatua ipi iliyoshindikana.