Wembe Hautaki Nguvu

SOMO LA USAFI NA AFYA



Wahenga walisema: "Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji." Methali hii tunaitumia kuonyana. Lakini hebu leo tuichukue kama ilivyo. Inatufundisha jambo la kwanza katika kunyoa: maji kwanza, wembe baadaye.

Wako wengi, Handeni na Korogwe, wanaonyoa ndevu zikiwa kavu kwa sababu wanawahi shamba au gulio. Wembe ukigoma, wanaukandamiza. Matokeo yake ni damu na vipele. Kumbe wembe hautaki nguvu! Ukijiona unakandamiza, basi ujue kuna kitu kimekosekana. Ama maji hayakutosha, ama wembe ni butu.

Leo tujifunze kutumia wembe wa kukunja, ule wa vinyozi. Una makali, una mgongo na una mpini.

1. Tayarisha wembe
Wembe hunolewa kwa kinoo laini chenye maji, si kwa jiwe la kunolea panga. Kisha, kila unapotaka kunyoa, upitishe juu ya mkanda wa ngozi mara 20 au 30. Mgongo utangulie, makali yafuate nyuma. Makali yakitangulia yatakata mkanda, na wembe utaharibika.

2. Lainisha ndevu
Nawa uso kwa maji ya vuguvugu. Paka povu la sabuni, ungoje dakika 2 au 3. Ndevu zikilowa hulainika na kukatika upesi. Usiseme maji hakuna. Hata katika vijiji vya Handeni vyenye shida ya maji wakati wa kiangazi, kikombe kimoja kinatosha kazi hii.

3. Pima pembe
Wembe usilale kabisa juu ya ngozi, wala usisimame wima. Uweke kwenye pembe ya nyuzi 30 hivi. Nyuzi 30 ni kiasi gani? Tazama kona ya gazeti hili. Kona hiyo ina nyuzi 90. Ikunje sehemu tatu zilizo sawa. Sehemu moja ndiyo nyuzi 30.

4. Vuta ngozi, kisha nyoa
Kwa mkono mmoja vuta ngozi ikaze. Kwa mkono wa pili pitisha wembe polepole, kidogo kidogo, kufuata upande zinakolala ndevu. Usiuburute wembe kwenda pembeni kama unayekata nyama. Hapo ndipo watu wanapojikata. Anza na shavu, maana ni pana. Kidevu na koo viache mpaka mkono uzoee.

Wengine hurudia kinyume cha ndevu ili kidevu kiwe laini kabisa. Lakini ndevu zetu wengi zimejikunja. Zikikatwa chini mno, zinapoota tena hugeuka na kuchoma ngozi. Ndipo vinapotokea vipele vya kidevuni na shingoni. Kwa hiyo acha ndevu kidogo sana, kuliko kuvimba shingo wiki nzima.

Wembe huu ni wa nani?

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Wembe hubeba damu, hata ile usiyoiona kwa macho. Damu hiyo yaweza kuwa na virusi vya UKIMWI, au vya homa ya ini aina ya B. Virusi vya homa hiyo ya ini vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Hebu fikiri: gulio la kijiji ni la kila wiki. Wembe uliomkata mtu gulio lililopita, waweza kukuambukiza gulio hili! Kuufuta kwa kitambaa au kuupitisha upesi kwenye moto wa kibiriti hakutoshi.

Basi, kila mtu awe na wembe wake. Ukienda kwa kinyozi, mwombe afungue wembe mpya mbele yako. Au beba wa kwako. Kinyozi mzuri hachukii kuambiwa hivyo. Na watoto wa nyumba moja wasinyolewe vichwa kwa wembe mmoja. Mashilingi nayo huambukizwa kwa njia hiyo.

Wewe sasa unajua kuandika. Andika jina lako juu ya karatasi, ufungie wembe wako ndani yake. Weka mahali pakavu, mbali na watoto.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI
1. Kwa nini tunatia maji kabla ya kunyoa?
2. Juu ya mkanda, kipi kinatangulia: makali au mgongo?
3. Kaya yako ina watu wangapi wanaonyoa? Ina nyembe ngapi? Zinatosha?