Nondo za Aloi ya Titani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukarabati Boriti

Zege huhimili mgandamizo, lakini likivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo nondo huwekwa ndani yake ili zibebe mvuto huo. Chumvi inapopenya zege, nondo za chuma hushika kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hata zege likapasuka na kubanduka. Hii ndiyo sababu metali zisizoliwa na chumvi, titani ikiwa mojawapo, huwavutia wenye majengo.

Aloi inayotumika zaidi ina takriban asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadiamu. Uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa chuma chenye ujazo ule ule. Hata hivyo, kwa mzigo ule ule nondo ya titani hurefuka karibu mara mbili ya nondo ya chuma yenye unene sawa. Haifai, basi, kuondoa chuma katika mchoro na kuweka titani bila hesabu mpya. Aidha, bei yake ni mara nyingi ya bei ya chuma.

Thamani yake huonekana zaidi katika ukarabati. Mwaka 2014, nondo hizo zilitumika kuimarisha daraja la Mosier, katika jimbo la Oregon, Marekani, ambalo mihimili yake ilikuwa na nyufa za mshazari. Udhaifu ulikuwa mahali nondo za awali zilipokatishwa bila kushikwa vya kutosha na zege. Katika ukarabati wa aina hii, mifereji myembamba huchongwa usoni mwa zege, nondo hulazwa ndani ya gundi ya epoksi, na ncha zake zilizopindwa huzamishwa katika matundu yaliyotobolewa. Funzo lake ni kwamba nondo, hata iwe ya thamani gani, haibebi mzigo iwapo ncha yake haikushikwa imara.

Kabla ya kulipia kazi hiyo, mteja anashauriwa kudai yafuatayo:

1. Maelezo ya maandishi ya chanzo cha ufa, kutoka kwa mhandisi aliyesajiliwa.
2. Mchoro unaoonyesha urefu wa kila nondo na namna ncha zake zitakavyoshikwa.
3. Cheti cha kiwandani kinachotaja kiwango cha ASTM B1009, kinachohusu nondo hizi, na namba ya toleo inayolingana na alama za mzigo uliopokelewa.
4. Maelezo ya kinga dhidi ya moto, kwa kuwa epoksi hulainika kwa joto ambalo zege na metali huweza kulistahimili.

Kwa nyumba mpya ya kawaida, nondo za chuma zilizothibitishwa ubora, zikifunikwa kwa zege lililoshindiliwa vizuri na lenye unene uliotajwa katika mchoro, hutosha. Fedha za ziada zitumike kwanza kwa usimamizi wa ujenzi.

Tahadhari: ufa wa mshazari karibu na nguzo, hasa unaoendelea kupanuka, usizibwe kwa plasta. Plasta huficha dalili na kuiacha hatari ilivyo. Waondoe watu chini ya boriti hiyo na umwite mhandisi bila kuchelewa.