Msitu Unaosikilizwa: Mwongozo kwa Mgeni wa Mtwara na Maingilio ya Ruvuma

Wageni wengi wa Mtwara hufuata bahari. Hulala Mikindani, hutazama Boma la Wajerumani la mwaka 1895, kisha hushika njia ya Msimbati kwenda kuogelea katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kusini mashariki mwa mji wanauacha nyuma Msitu wa Hifadhi wa Ziwani bila hata kuuliza jina lake. Haujitangazi: haufiki kilomita za mraba 8, na sehemu kubwa imebaki vichaka. Hata hivyo humo ndimo alimorekodiwa komba wa Rondo, mmoja wa wanyama wadogo na adimu kuliko wote wa jamii ya nyani barani Afrika. Mwongozo huu una hoja moja: mgeni anaweza kuusaidia msitu huo ubaki, kwa sharti kwamba aende kusikiliza na aache faida kijijini, wala asiende kumsaka mnyama kwa macho.

Ukisikia jamii ya nyani, usitarajie sokwe; Mtwara hawapo. Anayewataka aende Gombe au Mahale. Komba wa Rondo ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai moja la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa. Mchana hulala. Usiku hutafuta wadudu na matunda, mara nyingi chini chini, akiruka kutoka shina hadi shina. Komba wadogo hufanana mno kwa sura, ndiyo maana wataalamu huwatambua kwa milio: kila aina ina mwito wake. Huyu amepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, na mwaka 2008 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Anajulikana katika vipande vichache tu: Rondo, Litipo na Ziwani upande wa kusini, Pugu, Kazimzumbwi, Pande na Zaraninge upande wa kaskazini. Ukivijumlisha vyote unapata kilomita za mraba zipatazo 100, zilizotawanyika katika pwani ya mamia ya kilomita. Mnyama wa gramu 60 havuki mashamba na barabara kutoka kipande kimoja hadi kingine. Komba wa Ziwani wakitoweka, hakuna wa kuja kuziba pengo lao.

Msitu huo hukatwa kwa ajili ya mkaa, mbao na mashamba, na hapo huzuka swali la haki: watu wapike kwa nini na walime wapi? Swali hilo halijibiwi kwa kuwalaumu wachoma mkaa. Mti huanguka kwa sababu mkaa una mnunuzi, mbao zina soko, na familia inayokua inahitaji shamba jipya la mihogo au mikorosho. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, lakini kaya nyingi za kusini bado hupikia kuni na mkaa. Kumwambia mtu wa kaya hizo auache msitu bila kumpa kingine ni kumtwisha peke yake gharama ya mali ya dunia nzima. Ila kuufyeka wote nako hakumkomboi: msitu usiofika kilomita za mraba 8 ukigawanywa mashamba hautoshi hata kizazi kimoja, na kivuli na dawa za miti shamba hupotea pamoja nao.

Wengine husema utalii wenyewe ndio utakaoharibu. Hofu hiyo ina msingi, na sokwe wa milimani, yaani gorila, wanatufunza pande zote mbili. Huko Uganda, Rwanda na Kongo idadi yao imepita 1,000, na mwaka 2018 walishushwa daraja moja la hatari. Ulinzi wa kila siku na matibabu vilichangia, na fedha za wageni, ambazo sehemu yake hurudi kwa vijiji jirani, zilisaidia kuvigharamia. Lakini sokwe wale walizoeshwa watu kwa miaka mingi, na hata hivyo mgeni hupewa saa moja tu. Komba hazoeshwi hivyo. Ukimmulika kwa taa kali unamsumbua. Ukimpigia sauti iliyorekodiwa ili ajitokeze, unamwacha akihangaika na mpinzani asiyekuwepo. Basi, la kujifunza kutoka kwa sokwe hao ni ule mgawo wa faida. Malipo ya mgeni wa Ziwani yawe kwa ajili ya msitu na walinzi wake, iwe amemwona komba au hakumwona.

Kwa hiyo panga safari hivi. Njoo kati ya Juni na Oktoba. Mvua za kusini kwa kawaida huanza Novemba au Desemba, zikaendelea hadi Aprili. Kabla ya kuingia msituni, omba kibali katika ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kisha jitambulishe ofisi ya kijiji. Kiingilio cha hifadhi ya bahari hulipwa kivyake; kimoja hakikufungulii kingine. Chukua mtu wa kijijini akuongoze, na mkubaliane ujira mapema. Vaa viatu vya kufunika vifundo, beba dawa ya mbu, na funika tochi yako kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Ingieni wachache giza linapoingia, mkae mahali pamoja, mzime tochi, mnyamaze. Kuhusu matumizi, chagua mahali pa kulala pasipopikia mkaa, na usinunue magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara. Nunua korosho zilizobanguliwa hapa hapa, ingawa bei nzuri ya korosho peke yake huweza kumshawishi mkulima afungue shamba jingine. Asali ikipatikana, itangulize: nyuki wanahitaji miti iliyosimama, na mwenye mizinga ana sababu ya kuilinda.

Huenda usiku ukapita usiambulie hata jozi ya macho yanayong'aa. Usihesabu safari hiyo kuwa hasara. Kiongozi wako akikutofautishia mlio mmoja na mwingine gizani, umelipia maarifa ambayo hayapatikani pengine ila katika misitu ile michache, na yeye atarudi nyumbani na ujira ulioletwa na miti ambayo haikukatwa.