Somo la Kumi na Nne: Uteuzi wa PA, KU na MU katika Masimulizi ya Ziara

Katika somo lililotangulia tulipitia maumbo ya viambishi vya ngeli za mahali. Maumbo hayo hayamsumbui sana mwanachuo. Huyakariri kwa siku mbili. Kinachomsumbua ni uteuzi. Tumesahihisha insha nyingi ambamo kila mahali ni "huko" na kila penye kitu ni "kuna", na mwandishi haoni kwamba amepoteza lolote. Katika somo hili tutaonyesha kwamba kiambishi cha mahali kikiteuliwa vibaya, sentensi yaweza kuwa sahihi kwa sarufi na bado isiseme kweli. Tumechagua masimulizi ya ziara ya siku moja kwa sababu msimulizi wa ziara hawezi kulikwepa jambo hili: kila hatua anayopiga hubadili kile anachoruhusiwa kukiita "hapa".

Kifungu cha kusoma

Tuliondoka Aswan saa kumi alfajiri, kungali na giza. Abu Simbel iko kusini, mwendo wa takriban kilomita 280 kwa barabara, na karibu njia nzima ni jangwa. Tulipofika, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Kiongozi wetu alitusimamisha nje, penye kivuli, kwa kuwa ndani ya hekalu viongozi hawaruhusiwi kutoa maelezo.

"Mle," alisema akinyosha kidole kuelekea mlangoni, "mtakuta ukumbi wenye nguzo nane, na kila nguzo ina sanamu ya Ramesses wa Pili. Mtapita ukumbi mdogo wenye nguzo nne, kisha mtafika kwenye chumba cha mwisho. Humo wamekaa miungu watatu pamoja na Farao mwenyewe. Jua la asubuhi huingia humo mara mbili kwa mwaka, tarehe 22 Februari na 22 Oktoba; likiingia, mungu Ptah peke yake hubaki kivulini."

Tuliinua macho. Sanamu nne za Farao, kila moja yenye urefu wa mita 20 hivi, zilikuwa zimekaa zikilikabili ziwa. Moja ilivunjwa na tetemeko la ardhi zamani, na kichwa chake kimelala miguuni pake. "Hapo hapo kilipoangukia," alisema kiongozi. Mzee mmoja katika msafara wetu akauliza, "Kwa hiyo, bwana, hapa ndipo Ramesses alipolichonga hekalu hili?" Kiongozi akatikisa kichwa. "La, mzee wangu. Si hapa. Ni kule chini, kuliko na maji."

Maelezo

Tuanze na kiongozi. Anaposema "mle" yeye yuko nje, na anakitaja kitu chenye ndani ambacho yeye na wasikilizaji wake wanakielekea kwa mbali. Akisha kukitaja chumba cha mwisho, hasemi tena "mle" bali "humo", kwa kuwa sasa kimekwisha kujulikana katika mazungumzo. Mtalii aliyeingia atasema "humu mna nguzo nane". Mahali hapakubadilika, aliyebadilika ni msemaji.

Jibu alilopewa mzee lahitaji maelezo marefu zaidi. Hekalu la Abu Simbel lilichongwa ndani ya jabali katika karne ya 13 K.K. Misri ilipoamua kujenga Bwawa Kuu la Aswan, ilijulikana kwamba maji ya Naili yangelifunika. Mwaka 1960 UNESCO iliyaomba mataifa msaada, na kati ya 1964 na 1968 hekalu lilikatwa kwa misumeno likawa vipande zaidi ya 1,000, baadhi yake vyenye uzito wa zaidi ya tani 20. Vipande hivyo viliunganishwa tena mita 65 juu ya mahali pa awali na mita 200 hivi mbali zaidi na mto. Kilima kinachoonekana leo nyuma ya hekalu kimebebwa na kuba la zege.

Sasa zitazame sentensi mbili hizi:

(a) Hapa ndipo Ramesses alipolichonga hekalu.
(b) Humu ndimo walimohudumu makuhani wa Ramesses.

Zote mbili zina upatanisho kamili. Hata hivyo, zikisemwa Abu Simbel leo, sentensi (a) si ya kweli, na sentensi (b) ni ya kweli. Kwa nini? Kiambishi PA hutaja mahali dhahiri, kama alama iliyotiwa ardhini. Na alama hiyo haikuhamishwa, ingali chini ya Ziwa Nasser. Kiambishi MU hutaja undani wa kitu, na undani husafiri pamoja na kitu chenyewe. Mafundi walipozihamisha kuta, "humu" ilihama pamoja nazo, na "hapa" ikaachwa. Mwanafunzi anayeandika "huko" katika sentensi zote mbili hana namna ya kuwaonyesha wasomaji wake tofauti hii.

Kiongozi naye hakusema "pale chini" bali "kule chini". Angeweza kusema "pale" kama angekuwa na mahali pa kunyoshea kidole. Yaliyobaki ni maji matupu, na eneo lisilo na mpaka unaoonekana hutajwa kwa KU. Ndivyo ilivyo pia kwa Wanubi takriban 50,000 wa Misri waliohamishwa mwaka 1963 na 1964 kwa ajili ya bwawa hilo hilo, wakapelekwa karibu na Kom Ombo, kaskazini mwa Aswan. (Wasichanganywe na Wanubi wa Uganda na Kenya, ambao historia yao ni nyingine.) Kuhusu watu hawa twasema "kule walikotoka". Hekalu lao jirani lilipata kuba la zege. Vijiji vyao vilizama, na sisi twaona kwamba KU ndicho kiambishi kinachovistahili.

Kwa mwalimu

Wanafunzi wa nchi zetu hawaijii mada hii mikono mitupu. Mwenye kusema Kiganda ana "mu" na "ku" katika lugha yake, na vivyo hivyo wenye Kinyarwanda na Kirundi. Lakini kwao viambishi hivyo hutangulia nomino. Ndiyo maana tunapokea "tuliingia mu hekalu". Muundo huo husikika pia katika Kiswahili cha Lubumbashi, na si vyema kuucheka. Mweleze mwanafunzi kwamba katika Kiswahili sanifu kazi hiyo hufanywa na -ni mwishoni mwa nomino, na kwamba MU anayoijua yeye haikupotea: imo katika kitenzi na kionyeshi, kama katika "hekaluni mle mna giza". Jina la mahali halichukui -ni: twasema "tulikwenda Aswan".

Jihadhari pia na -po-. Katika "tulipofika" cha kifungu chetu, -po- ni ya wakati. Katika "kilipoangukia" ni ya mahali. Umbo halitofautiani, hivyo mwanafunzi asiulizwe maana yake nje ya sentensi.

Zoezi

1. Andika upya maneno ya kiongozi kana kwamba anayasema akiwa katika chumba cha mwisho. Ni vionyeshi vipi vinavyobadilika, na ni kipi kinachobaki?

2. Sahihisha: (a) Watalii waliingia katika hekaluni. (b) Tuliona sanamu nne ku mlango.

3. Mwalimu aliye Jinja anaieleza safari ya maji ya Naili hadi Misri, na mwalimu aliye Aswan anaieleza safari hiyo hiyo. Tunga sentensi tatu kwa kila mmoja, ukitumia "huku" na "kule".

4. Hekalu lilipohamishwa, kichwa kilichovunjika kiliwekwa tena mbele ya sanamu yake kama kilivyokuwa kimelala awali. Jadilianeni wawili wawili: je, kiongozi alisema kweli aliposema "hapo hapo kilipoangukia"?