Kabla Hujapanda Basi Kwenda Kariakoo na Hela za Wateja

Wapambanaji wenzangu, leo sina darasa la kupiga picha za bidhaa wala la kupanga bei. Nataka tuongelee safari. Wengi wetu tunaouza mtandaoni kutoka huku Tarime, Nyamongo na Mugumu, duka letu ni simu na stoo yetu ni Kariakoo. Kati ya duka na stoo kuna barabara ya zaidi ya kilomita 1,200. Na ni humo barabarani mimi nilipoitwa tapeli.

Ilikuwa Novemba. Huku kwetu Desemba watu wanarudi nyumbani, sherehe zinafuatana, kwa hiyo oda zinaanza mapema. Nilikusanya oda 23: vitenge, viatu vya watoto, mashuka, mapazia. Wote walilipa kabla, jumla shilingi 1,860,000. Nikaenda Dar, nikanunua vizuri tu, nikatupia picha kwenye status na maneno haya: "Mzigo huoo, Ijumaa upo Tarime." Alhamisi alfajiri nikapanda basi kurudi. Njia nzima mimi ni kujibu wateja na kutuma picha, chaji inaisha wala sina habari.

Magharibi, tumeshaipita Manyoni, gari likazima. Konda akasema dakika 20. Saa 3 usiku simu yangu ikafa. Kifaa cha kutengenezea gari kilikuja Ijumaa jioni. Tumeondoka pale saa 2 usiku, Tarime nimefika Jumamosi saa 6 mchana. Hesabu mwenyewe, saa 39 sipatikani hewani, na nina hela za watu.

Nilipochaji simu nyumbani ndipo nikaona. Mteja mmoja wa Nyamongo alikuwa ameweka picha yangu kwenye kundi la WhatsApp la akina mama na kuandika: "Huyu kala hela zetu, simu kazima." Mama mmoja wa Mugumu, aliyelipia mapazia ya 210,000 kwa ajili ya harusi ya binti yake, alinipigia mara 31. Wateja saba wakadai hela zao, jumla 610,000, na ilibidi nizirudishe wakati mzigo wao ninao mkononi. Ule mzigo niliuza kwa hasara mpaka Februari.

Sasa sikiliza, gari kuharibika si kosa langu. Lakini yaliyobaki yote yalikuwa kosa la maandalizi.

Kosa la kwanza ni lile neno "Ijumaa". Mabasi yanatakiwa yasizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu yanashuka mpaka 50. Gawanya umbali kwa 80 uone: hata dereva asisimame popote, saa 15 zimeshakwisha. Weka chakula, mizani, ukaguzi wa polisi, kushusha na kupakia abiria, unakuta ni siku nzima na usiku wake. Mimi niliahidi siku ileile ya kufika, yaani sikuacha nafasi hata ya pancha. Siku hizi namwambia mteja siku mbili mbele. Nikitegemea kufika Ijumaa, ninatangaza Jumapili. Akipata Jumamosi anafurahi, na mimi nimelala.

Hesabu hiyo hiyo itumie wakati wa kwenda. Tangu Oktoba 2023 LATRA iliporuhusu mabasi kusafiri saa 24, unaweza kushushwa pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa 9 usiku. Usitoke na bodaboda usiku huo ukiwa na begi la hela. Kaa humo humo ndani ya stendi kwenye mwanga, subiri kupambazuke, Kariakoo haikimbii. Au panga muda wa kuondoka Tarime ili ufike mchana.

Kosa la pili ndilo lililoniuma zaidi. Pale porini jirani yangu kwenye siti alikuwa na simu yenye chaji, akaniambia, "Dada, chukua upige." Nimpigie nani? Namba zote zilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Namba pekee niliyoikumbuka kichwani ni ya dada yangu, nikampigia, lakini dada hakumjua mteja wangu hata mmoja. Hakuwa na la kufanya.

Ndugu yangu, nunua daftari la shilingi 1,000. Andika jina la mteja, namba yake, anataka nini, saizi, rangi, kalipa shilingi ngapi, na anapokelea wapi. Kurasa hizo zipige picha umtumie mtu wa nyumbani unayemwamini, na mwambie kabisa: nikikaa saa sita bila kupatikana, watumie wote ujumbe huu. Ujumbe wenyewe uandike wewe kabla ya safari, usimwachie atunge, maana mtu akiwa na wasiwasi anaandika "dada yangu hapatikani" na hapo amemaliza biashara. Pawabenki ni ya lazima, na iwe imejazwa. Kama una simu ndogo ya tochi, hiyo iweke laini ya kupigia na uitunze imezimwa mpaka shida itokee. Chukua pia namba ya konda na ya ofisi ya basi kabla hamjaondoka, umpe huyo mtu wa nyumbani.

Kuhusu oda, funga siku tatu kabla ya kuondoka. Najua inauma mteja akija siku ya mwisho na hela mkononi. Lakini oda za dakika za mwisho ndizo zinazoandikwa vibaya, unaletea mtu kiatu namba 38 na yeye alisema 36.

Hela usiiweke yote sehemu moja. Mimi nagawa: nyingine benki, nyingine kwenye laini, kidogo taslimu. Nauli ya kurudi na gharama ya mzigo natenga siku ya kwanza na siigusi hata nikutane na kitenge cha kunitoa machozi. Na kabla ya kukata tiketi piga simu kwa wenye maduka unaowanunulia, uliza kama wamefungua. Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, maduka yakafungwa. Fikiria umetoka Sirari mpaka Dar halafu unakuta makufuli, unalipa gesti kwa hela za wateja. Pia usipange kununua Jumapili, maduka mengi ya jumla yanakuwa yamefungwa.

Risiti ya mashine dai kila duka, hata muuzaji akikunja uso. Sisi tunaishi mpakani, mzigo unaoonekana mwingi na mpya lazima utaulizwa njiani umetoka wapi. Risiti ziweke kwenye pochi unayoivaa mwilini. Mimi niliwahi kuzifungia ndani ya kiroba, ikabidi kikatwe barabarani mbele ya abiria wote, na viatu vya watoto vikamwagika kwenye lami.

Hapo kwenye kufunga mzigo ndipo nataka ukae na mimi kidogo, maana watu wengi hupapita haraka. Usifunge kwa aina ya bidhaa, vitenge huku, viatu kule. Funga kwa mahali unapokwenda. Mzigo wa Tarime mjini kiroba chake, wa Nyamongo chake, wa Mugumu chake. Zamani nilikuwa nafika stendi nimechoka, nafungua kila kitu chini nianze kuchambua, watu wamenizunguka, na mara mbili nimeibiwa hapo hapo nyumbani baada ya kuvuka mikoa yote hiyo salama. Sasa nikishuka, kiroba cha Nyamongo na cha Mugumu vinahamia gari lingine bila kufunguliwa. Kila kimoja nakiandika kwa kalamu nene pande mbili: jina langu, namba mbili za simu, na mahali. Kisha nafunga kitambaa chekundu shingoni, ili buti likifunguliwa gizani nijue changu bila kusukumana. Kipige picha kikiwa kimefungwa, na ile karatasi ya mzigo anayokupa konda ipige picha pia.

Kwa njia ya Nyamongo kwenda Mugumu, ndani ya kiroba tanguliza nailoni nzito. Nimeshawahi kumfungulia mteja mashuka meupe yamegeuka rangi ya udongo kwa vumbi, na miezi ya masika, Machi mpaka Mei, ni maji badala ya vumbi. Mzigo ukiwekwa juu ya Probox hakuna atakayeufunika kwa ajili yako.

Wenzangu wa Mugumu mnaofuata mzigo Arusha kwa kukatiza hifadhini, nyie mna mambo yenu. Mageti ya Serengeti yanafunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na ndani mwendo hauzidi kilomita 50 kwa saa. Mkichelewa kuondoka, mmekwama. Halafu kiingilio cha Serengeti na cha Ngorongoro ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya basi kama vimo kwenye nauli ama unalipa mwenyewe, uviingize kwenye bei ya bidhaa. Mnaovuka Sirari kwenda Kenya, kumbukeni simu inaweza kushika mtandao wa upande wa pili na bando likakata bila taarifa, kwa hiyo wateja waambieni mapema.

Yule mama wa Mugumu nilimpelekea mapazia yake mwenyewe, mkono kwa mkono, Jumapili ile ile. Aliyakagua moja moja, hakusema mengi. Mwaka uliofuata akaagiza tena, ila kwa sharti: nusu kabla, nusu akishika mzigo. Nikakubali, na sasa wateja wote wapya naanza nao hivyo. Safari iliyopita tulikaa Singida saa tano sababu ya gari. Nikawatumia wote ujumbe mmoja: "Tumesimama Singida, gari linatengenezwa, mimi na mzigo wenu tu wazima, nitawaandikia tena saa 2 usiku." Saa 2 nikaandika, ingawa hakukuwa na jipya. Yeye akajibu, "Sawa mwanangu. Ukifika Nyamongo nitumie picha ya kiroba."